Homoni, Macho na Swali Tusilolijibu

Ukikaa hosteli ya wasichana wiki mbili tu, utajua nani anachoma sindano ya miezi mitatu, nani ana vijiti mkononi na nani alikimbilia P2 Jumapili asubuhi. Utajua pia nani anavaa miwani, nani anaihitaji ila anaona aibu, na nani anawahi kiti cha mbele kwenye lekcha kwa sababu akikaa nyuma ubao wote ni ukungu. Ambacho hutasikia ni mtu akiyaweka mambo haya mawili kwenye sentensi moja. Homoni ni habari za huku chini, macho ni habari za kule juu. Ndivyo tunavyoamini.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ni Baiolojia na Jiografia. Siyo daktari, na makala hii haimwandikii mtu dawa. Ila nimeusoma mwili wa binadamu kiasi cha kujua kwamba homoni ikishaingia kwenye damu haichagui mtaa. Inapita kila mahali damu inapopita, na jicho nalo lina mishipa, lina tezi, lina vipokezi vinavyoisubiri. Nilianza kulifuatilia jambo hili kwa sababu ya dada yangu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona linatuhusu sisi wa chuoni kuliko tunavyodhani.

Kwetu ni Wasso, wilaya ya Ngorongoro. Nikisema Wasso watu wananitazama tu. Nikisema Loliondo wanacheka: "Aaa, kwa Babu!" Ni kweli, Samunge si mbali na kwetu. Mwaka 2011 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati nchi nzima, na majirani zake, walipopanga foleni ya magari kwenda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, shilingi 500 kwa kikombe. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Watu wengi wamekwishaeleza kwa nini kikombe kile kilipendwa. Mimi nina sababu yangu moja ya kuongeza: kikombe kilikuwa hakiulizi. Hakuna aliyekuuliza unaumwa nini, unatumia dawa gani nyingine, una mimba au huna. Unakunywa, unaondoka na siri yako. Tunapenda tiba isiyouliza, na hilo ndilo linalotuponza kwenye macho.

Kwetu macho ni ugonjwa wa kawaida. Vumbi lipo, moshi wa kuni ndani ya nyumba upo, nzi wanaofuata mifugo wapo, na maji ya kunawa uso si ya kumwaga ovyo. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umewasumbua Wamaasai miaka na miaka, na wanawake wanafika hatua ya kope kujipinda na kukwaruza jicho kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto, na watoto ndio wanaobeba vimelea. Koko yangu alikuwa na kibano chake cha kung'olea kope, amekifunga kwenye pindo la shuka, na sisi wajukuu tulipokezana kumng'olea. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu akisema "macho yananisumbua", kila mtu tayari ana jibu: vumbi, moshi, vikope. Hakuna anayeendelea kuuliza.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Mimi nilikuwa nyumbani, likizo ndefu. Akaanza kusema anaona vinyota vinapitapita, na jioni akawa anaona mambo mawilimawili. Akaenda duka la dawa. Jina la duka silitaji. Akapewa dawa ya matone, akaambiwa ni mzio wa vumbi, adondoshe mara tatu kwa siku. Hakuulizwa swali hata moja kuhusu lile tumbo lililokuwa limemtangulia mlangoni.

Aliyeuliza ni jirani yetu, mama mtu mzima ambaye amezalisha wanawake wengi kabla ya watu kuzoea kwenda kliniki. Alikuja kuchukua maziwa tu. Akamwangalia dada, akamshika mkono, akajaribu kuzungusha zile bangili za shanga. Hazikuzunguka. Zilikuwa zimemzama kwenye nyama.

"Kichwa je, mwanangu?"

"Kinauma, yeyo. Tangu juzi."

"Na macho?"

"Naona nyota."

Yule mama hakumaliza hata kupokea maziwa. Alimwambia shemeji alete bodaboda sasa hivi. Hospitalini walipima presha, ikawa 170 kwa 110. Wakamchoma magineziamu ili kuzuia degedege, wakashusha presha, na siku ya pili akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini analia kwelikweli. Dada akaendelea kuona ukungu kwa siku kadhaa, halafu ukaondoka wote.

Kwenye vitabu hali ile ni dalili za awali za kifafa cha mimba. Inatokea baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Kondo la nyuma lisipopata damu vizuri humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoumiza kuta za mishipa, presha inapanda, na mishipa midogo ya jicho na ubongo inaanza kulalamika. Maluweluwe, vinyota, ukungu, kuona vitu viwiliviwili: hiyo ni taarifa inayotoka kwenye tumbo la uzazi kupitia macho. Matone ya mzio hayaifikii. Kama ungetaka mfano mmoja tu wa jicho kusema habari za mwili mzima, ni huo, na kwa dada yangu ilibaki kidogo taarifa ile ipotee kwenye chupa ya matone.

Zipo taarifa nyingine za ujauzito ambazo si za hatari. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, hujaa maji kidogo wakati wa mimba na umbo lake hubadilika. Mwenye miwani anaona miwani yake imekuwa ya mtu mwingine. Rafiki yangu mmoja hapa chuoni alipata mimba mwaka wa pili, akatumia nusu ya bumu lake kutengeneza miwani mipya, na miezi michache baada ya kujifungua ile miwani ikawa inampa kizunguzungu. Macho yalikuwa yamerudi yalikotoka. Wataalamu wengi hushauri mama asubiri wiki kadhaa baada ya kujifungua kabla ya kubadilisha miwani. Lakini aliyempima hakumuuliza kama ana mimba, ilikuwa ya miezi minne na haijaonekana, naye hakusema. Pesa ikaenda.

Sasa turudi hosteli, kwenye sindano na vidonge. Jicho lina utando wa machozi wenye tabaka za ute, maji na mafuta. Mafuta yanatoka kwenye tezi ndogo zilizopangwa kwenye kingo za kope, zinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Bila mafuta hayo machozi hukauka haraka, jicho linawasha, linachoma, na unaposoma maneno yanakuja na kuondoka. Tezi hizi zinaongozwa na homoni. Androjeni, lile kundi la testosteroni ambalo wanawake pia tunalo kidogo, ndilo linalozisukuma kutoa mafuta. Ndiyo maana wanaume wanaopewa dawa za kuzima testosteroni kwa ajili ya saratani ya tezi dume hupata macho makavu. Estrojeni inaelekea kuvuta upande wa pili. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2001, uliohusisha wanawake zaidi ya 25,000 waliokwisha kukoma hedhi, ulikuta kwamba waliokuwa wakitumia estrojeni peke yake walikuwa na uwezekano wa macho makavu uliozidi kwa asilimia 69 ukilinganisha na wasiotumia. Waliotumia estrojeni pamoja na projestini ulizidi kwa asilimia 29.

Jicho kavu halipofushi kwa kawaida. Linakera tu. Lakini kwa mwanafunzi mwenye UE wiki ijayo, jicho linalokera ni jambo zito kuliko linavyosikika.

Mambo mazito zaidi ni machache, ila tuyajue. La kwanza ni kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni: mistari inayometameta kama umeme, doa linalopanuka, kisha kichwa kinapasuka upande mmoja. Mwanamke mwenye kipandauso cha aina hiyo hapaswi kutumia vidonge vya majira vyenye estrojeni. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo waziwazi, kwa sababu hatari ya kiharusi inaongezeka. Njia zenye projestini pekee, au zisizo na homoni kabisa, zipo. Lakini muuguzi atajuaje usipomwambia kuhusu ile mistari?

La pili ni ile sindano ya miezi mitatu. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo katika jarida la kitabibu la BMJ: wanawake waliochoma sindano ya medroksiprojesteroni kwa zaidi ya mwaka mmoja walikuwa na hatari mara 5.6 ya kupata uvimbe wa utando wa ubongo, uitwao meninjioma, hadi kufanyiwa upasuaji. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli hakikuonyesha ongezeko hilo. Tusikimbilie kuogopana. Uvimbe huu ni nadra, na mara tano ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Mara nyingi si saratani. Mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake, dada yangu ni shahidi. Ninachosema ni kwamba uvimbe huo unaweza kukua karibu na mshipa wa kuonea, na dalili yake ya kwanza ikawa kupungua kuona. Ukiwa na miaka kadhaa kwenye sindano na kuona kwako kunafifia bila sababu, hiyo sindano ni sehemu ya maelezo yako kwa daktari.

Lipo kundi la watu ambao kwao swali la homoni na macho ni la kila siku: wanaotumia homoni ili kubadili jinsia. Najua wapo watakaofunga ukurasa hapa. Naomba usifunge, maana jicho halina chama. Kenya, mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la nchi hiyo limbadilishie Audrey Mbugua jina kwenye cheti chake cha sekondari na kuiondoa alama ya jinsia. Kesi ile ilihusu cheti cha shule, kwa hiyo sisi wa ualimu hatuna ruhusa ya kusema watu hawa hawapo kwenye ulimwengu wetu.

Kitabibu, wao wanatufundisha kitu, kwa sababu kwao mshale wa homoni unageuzwa kabisa. Anayetumia estrojeni pamoja na dawa ya kuzima testosteroni anazinyima tezi za kope ile androjeni iliyokuwa ikizisukuma, kwa hiyo macho makavu ni jambo la kutarajia. Estrojeni ya kumeza huongeza uwezekano wa damu kuganda, na bonge la damu likiingia kwenye mshipa wa retina jicho linaweza kuzimika ghafla. Ni nadra, lakini ni dharura. Siproteroni, dawa inayotumika kuzima testosteroni, iliwekewa masharti na mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2020 kwa sababu ya meninjioma ileile niliyoitaja kwenye sindano. Anayetumia testosteroni huongezeka chembe nyekundu za damu, damu inakuwa nzito, na ndiyo maana madaktari wake humpima damu mara kwa mara.

Kwetu Tanzania huduma hiyo huikuti kwenye kliniki zetu za kawaida. Popote duniani huduma inapokosekana, wapo wanaojinunulia wenyewe, na kinachopatikana dukani kwa urahisi ni vidonge vya majira. Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vingi vya majira ni ethinili estradioli, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inasema isitumike kwa kazi hiyo, kwa sababu inagandisha damu kuliko estrojeni ya kawaida. Mtu huyo akiamka asubuhi jicho moja limefifia, mpe sekunde kumi za kufikiri akiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Aseme anachotumia, mbele ya foleni nzima? Au aseme "ni vumbi" aondoke na matone? Unajua atasema nini, kwa sababu hata wewe mwenye P2 kwenye begi ungesema hivyohivyo.

Na hayo matone sasa. Nimeyaweka mwisho makusudi, kwa kuwa homoni inayoharibu macho ya watu wetu kimyakimya tunaidondoshea wenyewe. Matone mengi ya "mzio" yana deksamethasoni, ambayo ni ndugu wa kotisoli, homoni ya mwili wetu wenyewe. Yanafanya kazi haraka ajabu: jicho jekundu saa mbili, jeupe saa nne. Kwa siku chache na chini ya macho ya daktari ni dawa nzuri. Lakini ukidondosha kwa miezi, kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu presha ya ndani ya jicho hupanda. Haiumi. Inaua nyuzi za mshipa wa kuonea polepole, ikianzia pembeni, na kilichokufa hakirudi. Matone hayohayo huleta mtoto wa jicho, hata kwa mtu mdogo. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, chungulia mkorogo ulio kwenye kabati za hosteli. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi, na ukizipaka kuzunguka macho kila usiku zinapita kwenye ngozi nyembamba ya kope na kufanya kazi ileile. Tunacheka uso umekuwa mweupe, ndani presha inapanda.

Nilimuuliza dada baadaye, kwa nini hakumwambia yule muuzaji kuhusu kichwa. Akanijibu, "Nilienda kwa ajili ya macho. Angeniuliza ningemwambia." Nimelifikiria sana jibu hilo. Muuzaji alisubiri aambiwe, dada alisubiri aulizwe, na katikati yao palikuwa na mtoto.

Sisi tunaosoma ualimu tutaenda kuwa watu wa kuuliza. Juni naanza mazoezi ya kufundisha, na nimeomba nipangiwe shule ya sekondari huko kwetu, hata kama ni siku nzima ya basi kupitia Mto wa Mbu na Ngaresero hadi uikute lami ya Sale. Najua nitakutana na mtoto anayesugua macho, mwenye kichupa cha matone mfukoni alichopewa na mama yake tangu mwaka jana. Najua nitakutana na binti wa kidato cha tatu anayesema haoni ubao, na sababu inaweza kuwa miwani, inaweza kuwa vikope, inaweza kuwa mimba anayoificha. Kumhamishia dawati la mbele ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwita pembeni, mahali ambapo wenzake hawasikii, na kumuuliza kwa sauti ambayo haimhukumu: kichwa kinauma? Kuna dawa yoyote unayotumia, ya kumeza, ya kuchoma, ya kupaka, ya kudondosha?

Na wewe unayesoma hapa, siku utakapokaa kwenye kiti cha kupimwa macho, huenda usiulizwe. Watu ni wengi, mtaalamu amechoka, foleni inasukuma. Basi sema kabla hujaulizwa. Taja sindano, taja vijiti, taja vidonge, taja krimu, taja mimba hata kama ni ya wiki sita. Kama foleni inasikia, andika kwenye karatasi umpe. Kama kuona kumezimika ghafla, au unaona vinyota na una mimba na kichwa kinagonga, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali, hata kwa bodaboda ya kukopa.